Nilivyopata kazi Kolwezi kwa maneno sita ya Kihispania, yote ya wakati ujao

Wakuu, heshima kwenu wote: wa Tanzania, wa Kenya, wa Kongo, na nyie mnaosoma kimya kimya bila hata kugonga like.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sikuyasikia kwa jirani na sikuyatia chumvi. Chumvi iliyomo ni ya karanga tu, mtaiona mbele.

Mi ni mzee wa Kolwezi. Naandika kwa kidole kimoja, ndiyo maana mistari yangu ni mifupi. Kiswahili chenu sanifu nilijifunza ukubwani, kwa redio na kwa kuzurura. Kile chetu cha Katanga kikichomoza humu msikisahihishe, kiacheni kipumue.

Juzi kulikuwa na uzi mrefu hapa jukwaani, watu wanabishana kuhusu sera. Sera ya hiki, sera ya kile, chama gani kina sera nzuri.

Kila nikiliona hilo neno nacheka peke yangu, mpaka nyumbani wananiuliza kama nimemeza dawa zangu.

Leo nawaambia kwa nini nacheka.

Miaka ile Wabelgiji bado walikuwa wanatutawala. Neno uhuru lilisemwa kwa sauti ndogo, tena baada ya kuangalia nyuma.

Nilikuwa kijana, naishi Lubudi kwa mjomba wangu. Shule niliacha darasa la tatu. Sikufukuzwa. Dirisha la darasa lilitazama reli, na mi nilitazama dirisha. Mwalimu alipochoka kunigeuza shingo tukaachana kwa amani.

Lakini kusoma nilijua, na nilisoma kila kitu. Makopo, magunia, matangazo ya posta, maandishi kwenye mabehewa. Nusu sikuelewa. Sikuruhusu tu herufi ipite mbele yangu bila kuulizwa inakwenda wapi.

Asubuhi moja mjomba alinituma sabuni. Naapa nilitoka nyumbani kwa nia ya kununua sabuni.

Sokoni nikapata karanga za kuchoma, zimetiwa chumvi. Mama muuzaji akanifungia kwenye karatasi iliyochanwa kitabuni. Nikaketi kando ya barabara kuzila.

Hapo palikuwa na lori la saruji limekwama kwenye tope. Dereva akaomba watu wasukume, nami nikasukuma.

Lilipotoka topeni mikono yangu ilikuwa bado imelishika. Sikuona sababu ya kuliachia. Nikapanda.

Hiyo ndiyo safari yangu, wakuu. Sikuaga, sikuwa na shati la pili, wala sikumuuliza dereva anakwenda wapi. Mjomba aliingoja ile sabuni mpaka Mungu alipomchukua.

Juu ya magunia karanga zikaisha, nikabaki na karatasi. Nikaisoma.

Juu iliandikwa FUTUR. Hilo nililijua, ni Kifaransa cha shule: wakati ujao. Upande wa kushoto kulikuwa na je serai, tu seras, il sera na wenzao. Nitakuwa, utakuwa, atakuwa.

Upande wa kulia kulikuwa na lugha nyingine, maana zile zile:

seré
serás
será
seremos
seréis
serán

Vile vialama juu ya herufi nilidhani ni madoa ya mafuta ya karanga. Nilivisugua kwa kidole, vikakataa kutoka.

Kilichonipendeza ni kwamba unasoma kama Kiswahili, kila herufi inafanya kazi yake. Kifaransa wanajenga nyumba nzima halafu wanakaa chumba kimoja. Hii ilikuwa lugha ya watu wanaotumia vyumba vyao vyote.

Nikaamua ni Kilatini. Sababu? Sikuijua, na sikujua lugha nyingine yoyote nisiyoijua isipokuwa Kilatini.

Njia ilikuwa mbovu, na nilijifunza kwa mashimo. Shimo moja, neno moja. Sere, seras, sera. Lori likiruka, seremos. Tulipofika Kolwezi alasiri nilikuwa nayo yote sita kichwani, na saruji mwilini kuanzia nywele hadi kucha.

Niliingia mji wa wazungu nikiwa mweupe kuliko wao.

Sasa, kwa vijana ambao hamkuona enzi zile, niwaeleze kidogo.

Mtu mweusi hakuhama hivi hivi. Ulihitaji karatasi ya kuhama, ina muhuri wa ulikotoka. Ukikutwa huna, unarudishwa kwa chifu wako, na kwa chifu kuna mambo mawili yanakungoja: pamba ya serikali na barabara ya serikali. Ya kwanza unailima, ya pili unaiparua majani, zote kwa lazima.

Binamu yangu alirudishwa hivyo. Tulipomwona tena alikuwa na mgongo wa babu yake.

Kwa hiyo mi nilipenda sana kuzurura, lakini kurudishwa nilikuogopa kama ugonjwa.

Lori likasimama kwenye eneo la ujenzi, la mkandarasi mmoja ambaye simtaji. Walikuwa wanajenga kambi mpya ya wafanyakazi. Nyumba za matofali zimepangwa kwa mistari, kuta zimekwisha, mabati hakuna. Ukuta wa nyumba ya mwisho umefika kiunoni tu.

Na waashi wote wameketi chini. Hakuna anayegusa tofali.

Kando, kwenye kivuli cha kibanda, kulikuwa na meza. Mezani ameketi karani mmoja wa Kasai, Tata Mukendi (tata kwetu ni baba, kwa heshima), na tai yake shingoni katika joto lile.

Tata Mukendi alikuwa anangoja kadi. Wabelgiji walikuwa na kadi ya mweusi aliyestaarabika. Ili uipate, wanakuja nyumbani kwako kutazama kama una uma, kama kitanda kina shuka, kama unakula meza moja na mkeo. Kwake walikuwa wamekuja mara tatu. Mara zote tatu waliridhika na uma, na mara zote tatu walimwambia neno lile lile: utakuwa.

Akanitazama na saruji yangu.

"Uko nani?"

"Mi niko mutu ya Lubudi, tata."

"Lubudi iko mukubwa. Karatasi yako?"

"Iko kwa mujomba."

"Mujomba iko na muhuri?"

"Hapana, tata. Hata sabuni hana."

Hakucheka. Alichovya kalamu, akaniandika kwenye orodha ya wa kurudishwa. Akasema kwa upole, kama daktari, kwamba lori linarudi Lubudi kesho asubuhi na nitapanda juu vile vile nilivyokuja, ila safari hii nitakuwa na askari pembeni.

Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Kelele zilitoka kwa wazungu wawili. Niwatambulishe kwa majina waliyopewa na waashi, maana ya kwao sikuyashika.

Wa kwanza ni mkuu wa kambi, Mbelgiji, mwembamba, saa mkononi. Walimwita Bwana Itakuwa. Kiswahili chake kilikuwa na amri nyingi na jibu moja. Ukimwuliza blanketi, itakuwa. Ukimwuliza nyongeza ya unga, itakuwa. Mtu mmoja aliwahi kumwambia mkewe amejifungua, akajibiwa itakuwa.

Wa pili ni fundi mkuu wa ujenzi. Walimwita Bwana Kamba, kwa sababu hakuachia kamba yake ya kunyooshea tofali. Najua huko kwenu kupiga kamba ni kudanganya. Huyu hakudanganya mtu, alinyoosha kuta tu. Alikuwa Mhispania, amebaki huku baada ya kazi ya bwawa la Nzilo.

Shida yake ni lugha. Kiswahili hana. Kifaransa chake kilimtosha kugombana na Bwana Itakuwa, hakikumtosha kupatana naye. Zamani alikuwa na mkalimani kutoka Angola, mwenye Kireno, lugha jirani ya Kihispania, akawa anaungaunga maneno. Yule bwana alivuka mpaka kwenda kwenye msiba wa kwao na hakurudi.

Basi waashi wameketi chini na Bwana Kamba hajui kwa nini. Anapiga kelele, anaonyesha ukuta, anaonyesha jua. Na katikati ya kelele zake nikasikia:

"¿Cuándo será? ¿Cuándo será?"

Sera.

Alilitamka kwa kulikanyaga mwishoni, si kama mi nilivyolisoma. Lakini lilikuwa lenyewe. Lilikuwa la kwenye karanga zangu.

Wakuu, mi nina ugonjwa wa udadisi. Mtu mwenye akili, jina lake limeshaandikwa kwenye orodha ya kurudishwa, angenyamaza na kutafuta kichaka. Mi nilisimama, nikaweka mikono nyuma kama mtoto wa katekisimu, nikasema yote sita kwa sauti:

"Sere, seras, sera, seremos, sereis, seran."

Bwana Kamba akageuka. Akanitazama kuanzia kichwani hadi chini, akaja hadi puani kwangu, akaniuliza kitu kirefu. Sikuelewa hata neno moja. Nilijua tu ni swali, kwa sababu nyusi zake zilibaki juu baada ya mdomo kufunga.

Nikampa neno la kwanza la orodha.

"Sere."

Akavua kofia. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Miezi baadaye aliniambia aliniuliza nini. Aliniuliza: wewe ni mkalimani? Nami nikamjibu: nitakuwa. Siku ile sikutoa jibu lingine la kweli kama hilo.

Bwana Itakuwa naye alikuwa amesogea.

"Wewe najua sema ya huyu?"

"Ndiyo, bwana."

"Nasema sasa. Kama najua, nabaki. Kama hapana, lori."

Hiyo ndiyo interview yangu ya kwanza maishani, wakuu. Hakuna CV, hakuna wadhamini. Upande mmoja kazi, upande mwingine pamba. Na mi nina maneno sita, yote yanasema kitu kimoja.

Bwana Itakuwa akaniambia nimwulize fundi ukuta utamalizika lini.

Nikamgeukia Bwana Kamba. Nikaonyesha ukuta wa kiunoni. Nikainua sauti mwishoni, na safari hii nikalikanyaga neno kama yeye.

"¿Será?"

Loh, alifunguka kama bomba. Maneno, mate, mikono, kamba inapaa hewani. Ndani yake nikahesabu será mbili, moja akiwa anawaonyesha waashi na nyingine akionyesha mbinguni.

Nikamgeukia mkuu wa kambi.

"Bwana, anasema itakuwa."

Uso wa yule Mbelgiji ukalainika. Kwa miaka yote aliyokaa huku nadhani hakuna mtu aliyewahi kumjibu kwa lugha yake. Akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri sana, akatazama saa.

Nikadhani nimepita.

Akasimama mwashi mmoja, mtu mzima, mikono imepasuka kwa chokaa. Tata Ilunga, wa kaskazini mwa Katanga, ndiye waliyemwamini kusema kwa ajili yao.

Hakusema na Bwana Itakuwa. Alisema na mimi.

Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni. Waliahidiwa kwamba mstari wa kwanza wa nyumba ukifika lenta, pale juu ya milango, wataingia kulala humo, bati au bila bati. Mstari umefika lenta zamani. Wao bado wako kwenye mahema ya turubai kule chini, maji yanapita katikati. Mwenzao mmoja yuko zahanati kwa kifua, na mganga hana uso wa matumaini. Kila wakiuliza, wanaambiwa neno lile.

"Sasa uliza huyu muzungu ya kamba," akasema. "Yeye njo anajua nyumba. Batu batalala mule, ao hapana?"

Akaketi.

Hapo jasho lilinitoka, saruji ikaanza kuganda usoni. Ilikuwa mchezo mpaka dakika ile. Sasa kulikuwa na mtu zahanati.

Nikamwendea Bwana Kamba. Nikaonyesha waashi, mmoja mmoja. Nikaonyesha mahema. Nikaonyesha zile nyumba. Kisha nikajiweka na mimi ndani kwa kupiga kifua, maana niliona lile neno la nne ni la wengi wenye kusema, tutakuwa, na nikauliza:

"¿Seremos?"

Alitazama waashi muda mrefu. Alitazama mahema. Alitema mate, akasema:

"Serán..."

Na baada ya serán akaweka neno moja zaidi. Moja tu, kwa hasira.

Nikarudi katikati. Tata Mukendi alikuwa na kalamu yake tayari, kazi yake ilikuwa kuandika kila linalosemwa kwenye eneo.

"Anasema nini?"

"Anasema batakuwa."

"Batakuwa wapi?"

Nikapangusa saruji machoni.

Tata Ilunga alikuwa ananitazama. Waashi wote walikuwa wananitazama. Nadhani Tata Ilunga alishaelewa. Alikaribia sikio langu kama anayenifuta vumbi begani.

"Mutoto wa Lubudi, hii luga yako iko na maneno ngapi?"

"Sita, tata."

"Ya huyu shefu iko na moja. Basi wewe uko musomi. Jibu."

Wakuu, hapa nisimame kidogo.

Mnaweza kuniambia nilidanganya. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka zaidi ya sitini. Lile neno la baada ya serán nilikuja kulijua, na mods wa jukwaa hili hawataniruhusu kuliandika. Wahispania, kumbe, wanatumia wakati ujao pia kwa kukisia. Kama sisi tunavyosema huyo atakuwa mlevi, tukimaanisha tunadhani ni mlevi tayari. Bwana Kamba alisema waashi watakuwa ni watu wa namna fulani, namna mbaya, kwa kugoma wakati yeye ana ukuta wa kumaliza.

Kwa hiyo batakuwa ilikuwa tafsiri sahihi kabisa. Nilikata tu mkia, nikaweka mkia mwingine.

"Batakuwa mu manyumba, tata."

Tata Mukendi akanitazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyeambiwa utakuwa mara tatu na watu waliohesabu uma zake.

Akachovya kalamu. Akaandika kwa Kifaransa kizuri, herufi zimelala upande mmoja kama majani kwenye upepo: waashi watalazwa ndani ya nyumba.

Akasita.

Kisha akaongeza maneno matatu mwishoni. Dès ce soir. Kuanzia jioni hii.

Yale hayakuwa yangu. Wala ya Bwana Kamba. Yalikuwa yake mwenyewe, na mpaka leo kwangu mimi ule ndio ushujaa mkubwa niliouona kwa mtu aliyevaa tai.

Akaiweka karatasi katikati ya zingine za siku, akampelekea Bwana Itakuwa. Bwana Itakuwa akasaini zote kama kawaida, jicho moja kwenye saa. Akaniuliza kwa kupita tu fundi amesema nini juu ya watu hawa.

"Anasema itakuwa, bwana."

"Vizuri. Wewe nabaki."

Tata Mukendi akapiga mstari juu ya jina langu kwenye orodha ya kurudishwa. Akaliandika kwenye karatasi nyingine, mbele yake akaweka interprète, mkalimani. Akagonga muhuri. Ule mlio, wakuu, sijasikia ngoma iliyonipendeza vile.

Waashi wakasimama na ukuta ukaanza kupanda. Bwana Kamba alinipiga mgongoni hadi vumbi likaruka. Aliamini nimewakaripia kwa niaba yake.

Jioni jua likiwa bado juu ya miti, walibomoa mahema wakahamia. Kila watatu chumba kimoja. Mwenzao wa zahanati walimtengea kona kavu na kitanda cha mbao, kabla hawajajitengea wao. Alikuja kukilalia wiki mbili baadaye, amekonda, anatembea kwa miguu yake.

Bwana Itakuwa alipita na gari, akaona moshi wa kupikia mbele ya nyumba zake mpya. Akasimama. Tata Mukendi akamkabidhi karatasi dirishani. Yule bwana akaisoma, akafika kwenye saini, akaitambua. Akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni, akaondoka. Mtu anaweza kubishana na watu arobaini, lakini na saini yake ni vigumu.

Naona kuna atakayeuliza kuhusu kadi ya Tata Mukendi. Hakuipata. Wakoloni waliondoka kabla haijafika. Uma zake alizitumia mpaka mwisho, alisema chakula hakina kosa.

Mi nilipewa nafasi chumba cha Tata Ilunga. Nyumba ya tatu kutoka mwisho. Kuta nne, mlango bila ubao, dirisha bila kioo, na juu mbingu yote.

Tata Ilunga na mwenzake wakavuta turubai la hema lao la zamani, wakalifunga juu ya kuta kwa kamba. Mbao mbili za kupandia zikawa kitanda changu. Nikanawa uso kwa mara ya kwanza tangu Lubudi, maji yakawa meupe kama maziwa. Nikalala chali, nikiangalia turubai likipumua na upepo.

Mke wa mwashi mmoja alituletea bukari, ndiyo ugali wetu, na mboga ya matembele. Tata Ilunga akanisukumia sahani.

"Kula, interprète. Leo batu batakuwa bameshiba."

Mara kivuli mlangoni. Ni Bwana Kamba, na kamba yake mkononi.

Niliketi haraka. Nilidhani amejua. Na kweli alikuwa amejua. Ukiona waashi wako wamehamia ndani ya kuta zako, hata bila lugha utaelewa kwamba mkalimani ana mambo. Alinitazama mi, akamtazama Tata Ilunga, akatazama turubai lake. Hakukasirika. Nafikiri alikuwa anatafuta kosa kwenye zile kamba za turubai na hakuliona.

Nilitaka kumwambia kitu. Samahani, au asante, au karibu. Sikuwa nalo hata moja kati ya hayo. Nilikuwa na maneno yangu sita. Nikaonyesha chumba kwa mkono, nikachagua lile la tatu.

"Será," nikasema. Itakuwa. Itakuwa nyumba.

Akatikisa kichwa, hapana.

Akaingia. Akakunja ngumi, akagonga ukuta mara mbili kwa vifundo vya vidole. Tofali likajibu. Akasema neno fupi sana, fupi kuliko yote yangu:

"Es."

Akagonga tena, akanitazama kuona kama nimesikia.

"Es."

Nikagonga na mi. "Es," nikasema. Tata Ilunga akaweka tonge chini, akagonga upande wake, naye akasema es, akarudi kwenye mboga.

Hilo ndilo neno langu la saba la Kihispania. Baadaye Bwana Kamba alinifundisha mengi, nilifanya naye kazi mpaka alipoondoka. Lakini jioni ile nililala na saba, na la saba lilitosha. Maana yake ni: iko. Ni. Sasa hivi, hapa, unaweza kuligonga.

Basi wakuu, mnaelewa kwa nini nacheka.

Mtu anapanda jukwaani na kusema chama chetu kina sera. Mi nasikia será. Anawaambia watu ukweli mtupu na hajui: itakuwa. Sera ya maji, itakuwa maji. Sera ya barabara, itakuwa barabara. Wabelgiji walikwenda, ila lile neno walilisahau mezani, na tangu hapo halijakosa mtu wa kuliokota.

Somo nililopata mi ni dogo, la mtu wa darasa la tatu. Ukiahidiwa kitu, mtafute karani mwenye uchungu wake, aandike kuanzia lini. Halafu wewe mwenyewe nenda ukagonge ukuta. Ukilia, es. Usipolia, umepewa karatasi ya karanga.

Ile nyumba ya tatu kutoka mwisho ipo mpaka leo, imewekewa mabati. Nilipita mwezi jana, wanaishi watu nisiowajua. Niligonga ukuta mara mbili nikaenda zangu, na mama mmoja akachungulia dirishani kuuliza namtafuta nani.

Haya, uwanja ni wenu. Nyie mliambiwa itakuwa ya nini, na nani, na ikawa? Na kama kuna aliyesoma Kihispania cha darasani, anisahihishe taratibu, mi nilisomea juu ya magunia.